Vijani vimefunika bwawa langu la samaki: ni azola, gugu maji au nini?

MamaKuku_Masindi:
Habari za jioni ndugu zangu. Nina kibwawa cha perege huku Masindi, mita 10 kwa 15. Wiki tatu zilizopita niliona vitu vya kijani pembeni, kama chenga za mboga zilizomwagika. Nikapuuza. Leo maji hayaonekani kabisa, bwawa limekuwa kama uwanja wa mpira. Kuku wangu mmoja alidhani ni nchi kavu, akatumbukia.

Jirani anasema ni azola, nimshukuru Mungu, chakula cha bure hicho. Mume wangu anasema ni gugu maji changa, nitoe lote nichome. Na asubuhi samaki wanakuja juu wanapapia hewa. Nimsikilize nani?

Mvuvi_Kyoga:
Shemeji ana haki ya kuogopa. Sisi wa Ziwa Kyoga gugu maji lilitukuta mwishoni mwa miaka ya 1980 na hatujamalizana nalo. Ila hata likiwa changa lina vikonyo vilivyovimba kama puto, huwezi kulifananisha na chenga za mboga. Hilo ondoa kwenye orodha.

BodaMstaafu:
Kuku amepona?

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Mama, usiangalie juu, juu vyote vinafanana. Chota kidogo, weka kwenye bakuli jeupe lenye maji safi, kisha geuza kimoja kwenye kucha ya kidole gumba. Utuambie: kina mizizi mingapi, na tumbo lake lina rangi gani?

Azola ni jamii ya madole (fern kwa Kiingereza), vijani vyake vimepandana kama magamba ya samaki, na jua kali huifanya iwe nyekundu. Ukiona kibapa kimoja laini kisicho na magamba, jirani yako amekosea.

MamaKuku_Masindi:
Nimerudi na bakuli. Hakuna magamba. Vingi ni vidogo kama punje ya dengu, vimeshikana viwili vitatu, na kila kimoja kina uzi mmoja tu mweupe unaoning'inia. Lakini vimo vingine vikubwa zaidi, kama nusu ya ukucha wangu. Hivyo chini ni zambarau, na nyuzi ni nyingi, kama ndevu. Nimejaribu kukizamisha kimoja kwa kidole, kinaibuka juu kikiwa kikavu!

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Basi una wageni wawili. Wenye mzizi mmoja ni Lemna, wenye ndevu na tumbo la zambarau ni Spirodela. Wote ni wa kundi ambalo kwa Kiingereza huitwa duckweed, na bata hulipenda sana. Yuko ndugu yao wa tatu, Wolffia, hana mzizi hata mmoja. Ni mdogo kama chenga ya semolina, na ndiye mmea mdogo kuliko yote inayotoa maua duniani. Huyo hujamtaja.

Hapo hakuna shina wala jani la kawaida, mmea mzima ni hicho kibapa. Kinachipua mtoto ubavuni, mtoto anajitenga, naye anachipua. Penye joto na mbolea nyingi vinaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Ndiyo maana nauliza: mbolea inatoka wapi?

MamaKuku_Masindi:
Banda la kuku liko mlimani kidogo, juu ya bwawa. Mvua ikinyesha… eh. Nimeelewa.

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Chimba mfereji uyapitishe hayo maji pembeni. Na samaki wanapapia hewa kwa sababu zulia hilo linazuia mwanga, mimea ya majini chini haitengenezi oksijeni. Usiku wote wanaigombania iliyobaki, alfajiri ndiyo mbaya zaidi. Ondoa zulia hilo leo maji yapate mwanga, usingoje Jumapili.

BataJinja:
Usichome, dada! Chukua mwanzi mrefu, sukuma zulia upande mmoja, chota kwa chandarua kilichochakaa. Zungushia mianzi robo ya bwawa, huko ndiko uyaache yaote. Mimi nawapa bata mabichi, na perege wanayala. Ya kuku nakausha, nachanganya na pumba za mahindi na mukene (dagaa). Usitegemee mzigo mkubwa, karibu yote ni maji. Beseni zima likikauka linabaki kama viganja viwili.

Nyabo_Kampala:
Na haya yanayoota kwenye mitaro yetu ya mjini, niwape bata?

BataJinja:
Hapana, nyabo. Yananyonya kila kilichomo majini, hata madini ya sumu, kisha bata anakula, kisha wewe unamla bata. Chukua ya bwawa unalojua maji yake yanatoka wapi.

Mvuvi_Kyoga:
Na chandarua hicho ukimaliza kianike juani kikauke kabisa kabla ya kukipeleka kwenye bwawa la mtu mwingine. Kijani kimoja tu kinatosha kuanzisha ukoo.

MamaKuku_Masindi:
Asanteni sana. Nusu ya bwawa iko wazi tangu saa kumi, mume wangu ndiye aliyeshika mwanzi, kimya. @BodaMstaafu, kuku amepona kaka, ila sasa hata beseni la kunywea analizunguka kwa mbali.