Mjadala: Basi lililoandikwa "Wi-Fi" ubavuni lilazimishwe kuwa nayo, au maandishi yafutwe?

MLETA MADA
Mwangaluka wakuu. Naleta hili kutoka hapa Mwanza, nipeni na ya kwenu.

Majuzi nilipanda basi la alfajiri pale Nyegezi kwenda Dar. Ubavuni neno Wi-Fi limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, na juu ya dereva kimebandikwa kikaratasi chenye nywila. Mimi nauza vipuri vya injini za boti. Siku hiyo mteja wa Musoma alikuwa anasubiri profoma, ile hati ya bei, kabla ya saa nane mchana ili aidhinishiwe malipo. Nikajisemea nitaitengenezea njiani, sikununua hata bando.

Mpaka Misungwi mambo safi. Kuipita Shinyanga ikaanza kusuasua. Tulipoiacha Igunga na kuingia mbuga ya Wembere, simu ikawa inaonyesha vipinde vya Wi-Fi vimejaa, kando yake alama ya mshangao: imeunganishwa, intaneti hakuna. Nabonyeza tuma, kiduara kinazunguka. Binti wa kiti cha jirani akanitazama kwa huruma: "Baba, izime kwanza hiyo Wi-Fi, ndiyo inayokuzuia." Nikazima, nikaweka bando la siku, profoma ikaondoka tukiwa Shelui, saa nane na nusu. Mteja alishanunua kwingine.

Sisemi kila basi liwe na intaneti. Nasema aliyeandika ameahidi, na ahadi hiyo imo kwenye nauli. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya Desemba 2023, daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria, daraja la kati 67.84. Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo tofauti inapita elfu 21. Najua humo mna viti na kiyoyozi. Lakini wakala akikushawishi upande la bei ya juu, cha kwanza kukitaja ni nini? Basi waandike inapofika. "Wi-Fi mpaka Shinyanga" ningeielewa. La sivyo wafute, na mkaguzi anayepiga tairi teke apite na hapo pia.

MWENYE MABASI MAWILI
Mkuu, pole kwa mteja, ila umeonea. Nauli ni ya kukutoa Mwanza na kukufikisha Dar salama. Intaneti ni nyongeza, kama maji na soda. Umewahi kudai nauli kwa sababu soda ilikuwa ya moto? Hela ya kuhangaika na kisanduku cha Wi-Fi mimi naweka kwenye breki.

MLETA MADA
Soda hujaiandika ubavuni, kaka.

FUNDI WA MINARA, NYAKATO
Wengi hapa mnailaumu Wi-Fi bure. Wi-Fi ni kile kipande cha kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye simu yako, mita chache tu, na ndiyo maana vipinde vilijaa hata katikati ya Wembere. Kilichokatika ni huko nyuma. Kisanduku kina laini ya simu kama yako, kinaongea na minara ile ile. Mnara ukiwa mbali, au mko nyuma ya mlima kama pale Sekenke, nacho kinabaki kushangaa kama wewe.

Halafu kuna kugawana. Tuseme mnara umekipa kisanduku megabiti 20 kwa sekunde, hiyo ni siku nzuri. Gawa kwa abiria 50: kila mmoja 0.4. Ujumbe unapita, profoma inapita. Lakini mmoja akifungua mpira, mwingine akamwekea mtoto katuni, waliobaki mnakula vumbi. Na basi linakimbia kilomita 80 kwa saa, kila baada ya muda linaachwa na mnara huu na kupokelewa na ule. Mapokezi yakichelewa, ndiyo kile kiduara.

Ila mwenye mabasi asijifiche nyuma ya minara. Kisanduku cha maana kinawekewa antena juu ya paa, nje ya bati, na kinachukua laini mbili za mitandao tofauti. Mmoja ukilala, mwingine unashika. Kikifungwa hivyo kinaweza kunasa mahali ambapo simu yako humo ndani hainasi. Fundi anaweza pia kuzuia video ili ujumbe wa watu upite. Ninachokiona mara nyingi ni kijikebe cha nyumbani kimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha dereva, laini moja, antena hakuna.

MAMA WA DAGAA, MWALONI
Wanangu, mimi napeleka dagaa Dar tangu simu za vitufe. Pesa natuma na kupokea kwa kupiga ile namba ya nyota na reli, haitaki bando wala hiyo waifai yenu. Ninachotaka ni tundu la chaji lifanye kazi. Simu ikizima Dodoma, aliyenipokelea magunia nampataje? Matundu yapo kila kiti, umeme kimoja kwa vitatu. Hilo halijadiliwi kwa sababu mimi si wa profoma.

MLETA MADA
Shikamoo mama. Nakubali kabisa. Tundu la chaji nalo liingie kwenye ukaguzi.

MKAZI WA UKEREWE
Nyie mnagombana na maandishi. Sisi kwenye meli ya Nansio hatujaandikiwa hata hayo, na tunaishi.

MSUBIRI TRENI
Mimi naona tunapoteza nguvu kwenye mabasi. Kipande cha SGR, reli yetu mpya ya kisasa, cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, ndicho cha kupigia kelele sasa hivi kabla hakijaisha. Treni ni chuma, vioo vyake vikiwa na utando wa kuzuia joto vinazuia na mawimbi ya simu. Ujerumani, kwenye ICE, treni zao za kasi, Wi-Fi ya bure ilifika daraja la pili 2017 tu, na vioo wamelazimika kuvitoboa ule utando kwa leza ili simu zinase. Sisi tunaanza upya, kwa nini tusidai minara kando ya reli mapema?

FUNDI WA MINARA, NYAKATO
Hoja nzuri. Ila abiria wa kesho alfajiri hapandi SGR, anapanda Nyegezi.

KONDA MSTAAFU
Ngoja niwape siri za jikoni, mimi nimeshashuka. Basi la kwanza nililofanyia kazi lilikuwa na kisanduku, na bosi alinunua bando la mwezi. Likaisha siku ya tisa. Tukaambiwa abiria akiuliza tuseme "mtandao unasumbua". Baadaye tukawa tunakichomoa tukishatoka mjini, tunakirudisha tukikaribia Dar, ili mtu ashuke akikumbuka ilikuwepo.

Basi la pili halikuwa na kisanduku kabisa. Mchoraji alipomaliza rangi akauliza chini ya dirisha aweke nini, pamebaki pengo. Bosi akasema weka wanachoweka wenzetu.

MWENYE MABASI MAWILI
Konda, si kila bosi ni huyo wako.

KONDA MSTAAFU
Sawa mzee. Ya kwako inafanya kazi?

MWENYE MABASI MAWILI
Moja inafanya.

MLETA MADA
Wakuu, nimerudi. Alhamisi nasafiri tena, leo nimepita Nyegezi kukata tiketi. Nikamwuliza wakala kwa upole: Wi-Fi ya basi hili inashika mpaka wapi? Akaninyooshea kidole dirishani, pale lilipoegeshwa. "Mzee, si umeona imeandikwa?"

Nimekata la kawaida. Bando nimeweka la wiki.