Trekta inanyanyuka mbele ikipanda mlima na jembe: uzito uongezwe wapi?

Mkulima wa Monduli
Habari za kazi, ndugu zangu. Trekta yangu huvuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, nami hulimia jembe la sahani tatu. Ninapopanda kwenda shamba la juu, jembe likiwa limeinuliwa, usukani huwa mwepesi mno na tairi za mbele hugusagusa tu ardhi. Mmoja amenishauri nijaze maji tairi za nyuma. Mwingine anasema utingo akae juu ya boneti. Nimfuate nani?

Fundi wa Mbauda, Arusha
Ndugu, usimfuate yeyote. La utingo lisifanyike hata kwa mita kumi, kwa sababu akiteleza ataangukia mbele ya tairi. Maji ya tairi za nyuma yana faida zake, lakini uzito wake unakaa kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ileile ambayo trekta huigeukia inaponyanyuka, kwa hiyo hayaongezi chochote mbele.

Tuchukue mfano wa trekta ya kilo 2,600. Trekta za aina hiyo kwa kawaida hubeba takriban asilimia 35 ya uzito mbele, yaani kama kilo 900. Jembe la kilo 400, likining'inia mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili zikiwa zimeachana mita 2.2, huondoa mbele kilo zipatazo 270. Ukipanda mwinuko wa mita moja kwa kila mita tano, zaidi ya kilo 200 nyingine huhamia nyuma, na zinazobaki mbele ni chini ya 430. Miongozo mingi ya watengenezaji hutaka walau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki mbele, ambayo hapa ni kilo 520.

Funga vyuma vya uzito mbele ya radieta. Kwa kuwa vinaitangulia ekseli ya mbele, kilo 100 za vyuma huongeza pale zaidi ya kilo 100. Palipo na mwinuko mkali, panda kinyumenyume, jembe likielekea juu.

Dereva mstaafu, Moshi
Fundi amesema kweli. Niongeze kwamba ukivuta tela au gogo, usifunge mnyororo kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu wa haidroliki. Funga kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini. Mnyororo ukiwa juu ya ekseli, mzigo ukigoma, nguvu yote huipindua trekta kuelekea nyuma, nayo hufika mahali pasiporudika kwa muda usiotimia sekunde moja, kabla mguu haujafika kwenye klachi. Ndiyo maana fremu ya kumkinga dereva trekta ikipinduka, pamoja na mkanda, havina mjadala.

Mkulima wa Monduli
Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Basi maji yanafaa lini?

Fundi wa Mbauda, Arusha
Yanafaa tairi zikiteleza wakati wa kulima, na pia ukikatiza mteremko kwa ubavu, maana hushusha kitovu cha uzito. Yasizidi robo tatu ya tairi, na barafu si tatizo letu huku. Hata hivyo, kwa ubavu, kupanua nafasi kati ya tairi za kushoto na kulia husaidia zaidi.

Dereva mstaafu, Moshi
Na kabla ya kukatiza, kagua mifereji kwa miguu. Huku kwetu tairi la upande wa chini likizama kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia) uliofunikwa na majani, upana huo wote hautoshi.