Naomba ushauri: kumbukumbu za kijiji ninachosomea PhD zina pengo miaka ya tauni. Nihame au nibaki?

Shayiri
Wakuu, habari za saa hizi. Niko mwaka wa pili wa PhD ya historia hapa Uingereza. Nachunguza kijiji kimoja cha Suffolk baada ya Tauni Kuu ya 1348–49: nani alirithi ardhi, nani alitoroka, wanawake waliishije. Chanzo changu ni magombo ya mahakama ya kabaila, yaani bwana mwenye ardhi ya kijiji, yale ya ngozi, Kilatini cha kukatakata maneno hadi macho yanauma. Humo kuna kila kitu: huyu ng'ombe wake wameingia kwenye ngano ya bwana, yule kaozesha binti bila kulipia ruhusa, mwingine kafariki na bwana kachukua mnyama wake bora.

Sasa magombo yanakwenda vizuri hadi 1347, halafu kimya mpaka 1361. Miaka ile ile ninayoitaka! Msimamizi wa kwanza anasema nibaki, nianzie 1361. Wa pili anasema nihamie penye kumbukumbu za kutosha, kama Halesowen au Wakefield, sehemu nyingine za huku Uingereza. Wakefield magombo yanaanza 1274 yanafika 1925, raha tupu, ila huko wameshapita watafiti kibao. Ufadhili umebaki mwaka na nusu. Mngekuwa nyie?

Omwami
Mkuu, Kagera kulikuwa na nyarubanja, ule mfumo wa ardhi wa wapangaji na mabwana wao, wewe unahangaika na ng'ombe wa Wazungu wa mwaka 1361?

Shayiri
Hahaha, nyarubanja nakuachia wewe mwenye kwao, Omwami. Wazungu wamekuja kuandika vijiji vyetu miaka yote, hakuna aliyewauliza.

Jikoleo
Hilo pengo ni waasi wa 1381, wakulima walioinuka dhidi ya mabwana. Walichoma magombo ya makabaila Suffolk nzima wafute ushahidi wa utwana. Hutapata kitu, hama.

Mzee wa Nyaraka
Jikoleo, kuchoma walichoma, hiyo ni kweli. Lakini mtu anayechoma ushahidi wa utwana hachagui miaka kumi na minne ya katikati akaacha ya 1330 na kitu. Na humo humo kwenye ya 1330 ndimo ilimoandikwa kwamba baba zao walikuwa watwana. Pengo kama hili mara nyingi ni panya, unyevu, au gombo moja lililokwenda kwa mrithi mwingine.

Shayiri, usihame kwanza. Kijiji chako kilikuwa cha nani? Kama kilikuwa cha monasteri, kumbuka Henry VIII alizifunga zote kati ya 1536 na 1540, ardhi ikauzwa, makaratasi yakafuata wanunuzi. Magombo ya Redgrave, lililokuwa shamba la abasia ya Bury St Edmunds, leo yako Chuo Kikuu cha Chicago. Ya mahakama yanaweza kuwa ofisi ya nyaraka ya kaunti, ya hesabu yakawa kwingine kabisa. Ipo rejista ya kitaifa ya nyaraka za makabaila, inatafutika mtandaoni bure. Umeiangalia kwa jina la bwana au la kijiji tu? Mabwana walikuwa wanabadilika.

Pili, soma gombo la 1361 taratibu sana. Huo ndio mwaka tauni iliporudi, kwa hiyo mahakama ilijaa warithi. Mrithi akija kudai ardhi, karani anaandika ilikuwa ya nani kabla yake. Kipande kinachoitwa kwa jina la mtu asiyeonekana tena, au kilicho "mikononi mwa bwana" kwa kukosa mpangaji, hiyo ni 1349 inakusemesha.

Bint Mkunazini
Naongeza kwa upande wa wanawake, maana hapo ndipo watu wanapojikwaa. Utakuta orodha ndefu kila kikao ya waliopika pombe na "kuvunja sheria ya pombe", peni mbili, peni tatu. Usiwahesabu kama wahalifu. Wanatozwa haohao kila mara kwa sababu ile faini kimsingi ilikuwa leseni. Na mwenye kupika mara nyingi ni mke, lakini sehemu nyingine karani anaandika jina la mume. Ukihesabu majina kijingajinga utasema wanaume ndio walioshika biashara ya pombe.

Tena wasio na ardhi na waliopanga kwa mpangaji mwenzao mara nyingi huwaoni. Usiandike "wanakijiji", andika "waliotajwa mahakamani". Mwanahistoria Zvi Razi alijenga familia nzima za Halesowen kwa magombo haya, na wanahistoria wenzake Poos na Smith wakamkalia kooni kwa hoja hiyo. Mtahini wako anaujua huo ugomvi.

Jikoleo
Sawa Mzee, nimeelewa. Lakini mwaka na nusu ni mdogo jamani.

Mzee wa Nyaraka
Mdogo zaidi ukihama. Kila karani ana mkono wake, kuzoea mpya ni miezi.

Shayiri
Nimerudi. Nilikuwa natafuta kwa jina la kijiji tu. Kwa jina la bwana yametokea magombo ya hesabu ya 1352 hadi 1357, yako Kew, Nyaraka za Taifa, London! Msimamizi bado sijamwambia. Sijawahi kusoma hesabu, nianzie wapi?

Mzee wa Nyaraka
Mwaka wa hesabu unaanza na kuisha sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba. Mnyapara wa shamba anaeleza kilichoingia, kisha kilichotoka. Nenda moja kwa moja penye kodi zilizopotea, ile sehemu anapojitetea kwa nini hakukusanya: nyumba tupu, ardhi haina mtu, mara nyingi na jina la aliyekuwa nalo. Hao ni marehemu wako. Ukimaliza geuza ngozi, mgongoni kuna nafaka na mifugo. Kupiga picha kwa kamera yako pale ni bure, piga pande zote mbili, na pembezoni usikate.