Bandeji ya aljineti: je, utelezi wa manjano ni usaha?

Muulizaji: Mama yangu ana kidonda cha mguu kinachotoa majimaji mengi, na muuguzi amekifunika kwa bandeji ya aljineti. Leo tulipoifungua tulikuta utelezi wa manjano. Je, kidonda kimeingia usaha?

Jibu la 1: Pole kwa kuuguza, ndugu. Bandeji hiyo hutengenezwa kutokana na mwani wa kahawia, na nyuzi zake zikikutana na majimaji ya kidonda, kalsiamu iliyomo hubadilishana nafasi na sodiamu, nazo huvimba na kuwa jeli inayokiachia kidonda unyevu wa kutosha kupona. Utelezi huo pekee si dalili ya maambukizi. Uosheni kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, ndipo mkikague kidonda chenyewe.

Jibu la 2: Nakubaliana, ila harufu mbaya isiyoondoka hata baada ya kuosha, wekundu unaotambaa, maumivu yanayozidi au homa ni sababu ya kumwona daktari siku hiyohiyo.

Muulizaji: Majimaji yakipungua, tuendelee nayo?

Jibu la 1: Hapana, mwombeni muuguzi abadilishe aina. Kwenye kidonda kikavu nyuzi hunata, kwa hiyo zikishika zilowesheni kwanza, msizivute.