Nimetoka eda, kabati limejaa, na sijui nivae nini

Mama_Mbagala

Habari zenu wapendwa. Msinicheke maana hata mimi nikiliandika naliona dogo, ila linanisumbua kuliko mambo makubwa. Nina miaka 46, mume wangu alifariki mwaka jana, nikakaa eda miezi minne na siku kumi, hakuna wanja hakuna hina hakuna manukato, dhahabu nilimpa mama anitunzie, nikawa na madera mawili rangi ya vumbi nabadilishana. Siku ya kutoka dada zangu walikuja na doti ya kanga na chetezo, wakanifukiza udi mpaka nywele, wakanivalisha, wakapiga vigelegele vya adabu vile vya chinichini, nikajua basi ndo nimerudi.

Sasa mbona sijarudi. Kila asubuhi nafungua kabati nasimama. Na mimi nilikuwa mtu wa nguo jamani, ofisini (nafanya karatasi za mizigo ya bandarini) walikuwa wananiita Bi Luku, kila Ijumaa kitenge, kilemba nakifunga mwenyewe dakika 3 mbele ya kioo cha lifti. Kwanza nimepungua kilo 11 kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kama kimetundikwa kwenye msumari. Lakini hilo fundi atalimaliza. Shida ni kwamba kila gauni nikilishika najua yeye alisemaje. Lile la zambarau alikuwa anasema "leo utanichelewesha". La kijani hakusema kitu, alikaa kimya tu siku niliyolivaa, na mimi nikaliacha. Juzi ndo nimegundua kwamba miaka 21 nilikuwa nikimaliza kuvaa nageuka namwangalia. Sasa nageukia nani?

Naishia kuvaa buibui lile lile juu ya chochote nilichoamka nacho. Mawifi wamefurahi sana wanasema ndo heshima. Wangejua humo ndani nina tisheti ya kampeni.

Waliowahi kupotelewa na hamu ya kupendeza, mlianzia wapi? Na hizi nguo nizipunguze, nigawe, au nifunge kabati tu?

FundiCherehani_Tandika

Pole sana dada, Mungu amrehemu mzee.

Mimi nitajibu la nguo, la moyo waje wengine. USIGAWE KITU mwaka wa kwanza. Nimeona wateja wamegawa vitenge vizuri kwa hasira za msiba, mwaka wa pili wanakuja kuniuliza pisi kama ile inapatikana wapi Kariakoo, haipatikani, ule mchoro umeshapita. Pili, kilo za msiba huwa zinarudi, kama si zote basi nusu. Kwa hiyo ukipeleka kwa fundi mwambie asikate. Apunguze ubavuni kwa kushona ndani na kitambaa cha ziada kibaki humohumo kwenye mshono, ukinenepa anafumua uzi tu gauni linarudi. Fundi mvivu anapenda kukata kwa sababu ovaloki inapita vizuri, halafu ukirudi anakwambia haiwezekani mama hapa hamna kitu.

Angalia mabega kwanza. Kama mshono wa bega umeshuka kwenye mkono wako, hapo lazima mikono itolewe, bega lipunguzwe, shimo la mkono likatwe upya, na kama lina bitana ndani gharama yake unakaribia kushona jipya. Lenye bega zuri lete. Sketi lete zote, sketi ni kiuno tu. Suruali za ofisini zinapungua nyuma katikati lakini zikizidi inchi 2 mifuko ya nyuma inasogeleana kama majirani wanaoteta.

Anza na tatu. Ukileta kumi utaniachia hapa hutozifuata, nina mfuko mzima wa watu wa namna hiyo.

leso_na_chai

Pole mamangu. Salamu kutoka Mombasa.

Mie sikufiwa, niliwachwa, nikiwa na 39, na watu hudhani ni rahisi zaidi manake mtu yuko hai. Sikuwa na eda ndefu kama yako lakini nilikaa mwaka na nusu navaa kijora kimoja mpaka kikatoboka kwapa. Siku moja nikatumwa Biashara Street kununua leso za harusi ya mtoto wa jirani, na nyinyi mwajua leso hununui rangi peke yake, wasoma jina kwanza, mwenye duka akanifunulia moja imeandikwa NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Nilicheka peke yangu pale dukani mpaka yule babu akaniwekea kiti. Nikainunua. Rangi zake mbaya kusema kweli, urujuani na manjano, pindo nene kama zulia. Nikaikata ile doti, nikapinda, kimoja najifunga nikipika na kingine nimekikunja kabatini na asmini. Kuitoa nje siwezi, watu wangesema namtupia mtu maneno, na ningekuwa namtupia kweli.

Nilichotaka kukwambia, mie nilianzia ndani ambako hakuna anayeniona. Leso ya jikoni, udi kwenye nguo ya kulalia, hina ya miguu tu nikavaa soksi. Nje nilikuja kutoka baadaye sana tena kwa bahati mbaya, mgeni alibisha hodi nikasahau kubadilisha.

Lakini dada hilo gauni la kijani. Umelitaja kama wapita tu. Mie ningeanzia hapo.

mkweli_mchungu

Samahani wadau, huyo wa kumpendezea ni nani hasa? Mjane akianza kujikwatua mtaa una macho. Buibui limekusitiri, tulia nalo. Ni ushauri tu.

leso_na_chai

@mkweli_mchungu eda ina siku zake na amezimaliza. Au wewe wamuongezea zako?

Mstaafu_Moro

Mwanangu pole kwa msiba. Nisome taratibu maana natumia kidole kimoja.

Mimi ni mzee wa miaka 67, nimestaafu ualimu nikiwa na 60 kamili. Kwa miaka 36 nilivaa kwa sababu ya kengele, ukichelewa wanafunzi wameshajipanga mstarini na wewe ndo unawakagua kucha na kola, huwezi kumkagua mtoto kola wakati yako imekunjamana. Nilipostaafu wiki ya kwanza nilishinda na bukta na singlendi, nikajiona mfalme. Wiki ya pili vile vile. Wiki ya tatu mjukuu akaniuliza babu unaumwa?

Nina kaunda suti nne, mbili za kahawia, moja ya kijivu, moja ya buluu ambayo ilishonwa ya kuagwa shuleni. Nikaanza tena. Saa 12 asubuhi naoga, napiga pasi, siku ya shati nachomekea, napaka viatu, halafu naenda kwenye kahawa, hatua kama 40 kutoka mlangoni kwangu. Wenzangu walinicheka sana mwanzoni, wakidhani nina kesi mahakamani. Sasa na wao wawili wameacha kuja na ndala.

Huyo ndugu anauliza wa kumpendezea ni nani. Mimi mama watoto ana mtoto wa jicho macho yote mawili, tunasubiri apelekwe kutolewa. Haoni nimevaa rangi gani. Lakini asubuhi nikitoka ananisimamisha mlangoni, ananipapasa kola, anashuka na vifungo mpaka chini, anasema haya nenda. Siku moja nilipitiwa kifungo kimoja, alinirudisha.

Sina ushauri mwanangu, nimekusimulia tu.

shangazi_wa_mjini

Mzee wa Moro umeniliza asubuhi asubuhi 😭😭

Mimi mchango wangu mdogo, hereni. Nilivyojifungua wa tatu hakuna nguo iliyonitosha mwaka mzima, maziwa yanavuja, tumbo limekataa kuondoka, nikaenda Karume nikachambua mtumba nikatoka na hereni kubwa za shaba kama sahani. Hereni hazina saizi. Nanyonyesha saa 8 usiku nina hereni, mume wangu akafikiri nimechanganyikiwa, mtoto alizivuta mpaka sikio likachanika kidogo lakini sijutii.

Mama_Mbagala

Nimechukua wiki tatu kujibu, samahanini. Nimesoma zote, ya mzee wa Moro nimesoma mara nne.

Haya, niwape habari. Jumamosi iliyopita watoto wakaenda kwa bibi yao, nikafunga mlango, nikatoa la kijani. Lina miaka kama tisa kabatini, limekunjika mikunjo ya kudumu. Nikapiga pasi, nikavaa, nikaenda kwenye kioo nikiwa nimejiandaa kabisa kwamba sasa nitaona uzuri ambao mtu alininyima.

Jamani HALINIPENDEZI. Hata kidogo. Ile kijani inanipausha nakuwa kama mtu aliyetoka kuugua manjano, na shingo imekaa juu kama nimefungwa bandeji. Marehemu alikuwa sahihi na alinistahi akanyamaza. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, halafu nikalia, hiyo mnaielewa, halafu nikanawa uso nikapaka wanja na nikatoka nalo hivyo hivyo mpaka sokoni kununua nazi. Bila buibui, mtandio tu. Muuza nazi akaniambia dada leo umependeza, mwongo mkubwa yule, anasema hivyo kwa kila mtu, lakini aliniongezea moja.

Wifi mkubwa nilikutana naye njiani narudi. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema hiyo rangi mbona hivyo? Nikamwambia ndiyo wifi, ni mbaya, najua. Hakuwa na la kuongeza.

@leso_na_chai hina nimepaka. Ya miguu tu, soksi sijavaa.

@mkweli_mchungu nimekusikia kaka yangu.

@FundiCherehani_Tandika nina la zambarau bega liko sawa, sketi mbili, na hili la kijani. Swali, hili shingo inaweza kushushwa ikawa ya V? Na kama kuna namna ya kuweka kitambaa kingine karibu na uso, cheupe au cha maziwa, ili kijani kikae mbali na mimi. Sitaki kuligawa tena, tumeshazoeana.

FundiCherehani_Tandika

Inawezekana. Shingo tunashusha inchi 3, tunaweka kola ya cheupe inayoshuka mpaka kifuani, kijani kinabaki chini huko. Usinunue kitambaa, vipande ninavyo. Lete Jumatatu, Jumatano unachukua.

Mama_Mbagala

Jumatano ya kalenda au Jumatano ya fundi?