Mrejesho: babu aliyekuwa dobi katika jumba la Sultani

Asanteni kwa ushauri. Niliuliza nianzie wapi kumhoji babu yangu mkubwa, aliyekuwa dobi katika jumba la Sultani pale Forodhani, Unguja, maana kila nikimuuliza habari za wafalme alinijibu, "Walikuwa watu wema," basi.

Mlionishauri nimuulize kazi yake kwanza, mmenifaa sana. Nilipotaja pasi ya mkaa tu akafunguka: majivu yasidondokee kanzu, wanga upikwe mwepesi, na nani aliamka kabla ya alfajiri wiki ya Idi. Kuhusu mshahara aliongea kwa uchungu kidogo, na hilo nimeliacha kama lilivyo kwenye rekodi.

Tarehe hakumbuki, lakini enzi anazikumbuka. Alianza kabla tu ya kufa Seyyid Khalifa, kwa hiyo ni 1960; akamwona Seyyid Abdullah hadi 1963, kisha Jamshid, aliyeondoka kwa meli Januari 1964. Masultani watatu ndani ya takriban miaka minne! Kuhusu siku ile ya Mapinduzi alisema, "Hiyo iache, mwanangu." Nikazima simu.

Jumba lenyewe tangu 1994 ni makumbusho, na vyumba vinaeleza habari za wenye nyumba kuliko za watumishi. Sasa natafuta wazee wengine, hasa akina bibi waliolea watoto mle ndani. Mwenye kumjua mmoja, tafadhali amwombe ruhusa kwanza ndipo aniambie.