Kuingiza klasi 480 ni dakika moja, kuzifuta ni moja moja. Hizi programu za UML zitatutesa hadi lini?

Wakuu, ni saa 5 usiku na bado niko ofisini. Nina hasira kweli, na nataka tulizungumze hili jambo maana najua si mimi peke yangu.

Tuna mradi wa mfumo wa mikopo wa SACCOS. Mteja alitupa hifadhidata ya mfumo wa zamani, nikaiingiza kwenye programu yetu ya modeli, ya kuchora kwa UML (lugha ya michoro ya kupanga mifumo ya kompyuta), ili kila jedwali liwe klasi, yaani kisanduku kinachoeleza aina moja ya kitu. Haikufika hata dakika moja. Bahati mbaya sikuondoa tiki kwenye skima ya pili (sehemu nyingine ya hifadhidata ile ile), ambamo mtu fulani alikuwa akitupia nakala za majedwali kila mwisho wa mwezi. Klasi 96 za kweli zikaingia pamoja na 384 ambazo hazina kazi, zote ndani ya pakeji (folda ya modeli) moja.

Nikasema si shida, nafuta. Nikafungua daiagramu ya ile skima ya pili, Ctrl+A, Delete, karatasi ikabaki nyeupe. Nikahifadhi, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake mwenzangu anazalisha msimbo, zinatoka faili 480 za Java.

Kwa ambao hawajakutana na hili: kwenye programu hizi, daiagramu ni picha tu ya modeli. Ukifuta kisanduku kwenye daiagramu, umekitoa kwenye picha, lakini klasi yenyewe bado ipo kwenye modeli. Mtu aliyekatwa kwenye picha ya harusi hajaacha kuwa ndugu yenu. Huo mpango una maana, kwa sababu klasi moja inaweza kuonekana kwenye daiagramu kumi, na siupingi. Ninachopinga ni programu kutumia neno lile lile "Futa" kwa mambo mawili tofauti bila kukwambia umefanya lipi. Zipo programu zenye Delete kwa ajili ya picha na Ctrl+Delete kwa ajili ya modeli. Yetu haina.

Basi nikaenda kwenye ule mti wa kushoto. Majina yote yanaanza na "bak_", kwa hiyo nikatafuta hivyo, zikaja zote 384 kwenye orodha moja safi. Nikazichagua zote, nikabofya kulia. "Futa" imefifia! Nikachagua moja, ikawaka. Nikachagua mbili, ikafifia tena. Kuzihamishia kwenye pakeji nyingine ili niifute hiyo pakeji nzima nako haiwezekani, unaburuta moja moja.

Kwa hiyo nikaanza. Bofya kulia, Futa, "Una uhakika?", Ndiyo, subiri, mti unajifunga wote na kurudi juu, ufungue tena, ushuke tena. Nilipima: sekunde 25 kwa klasi moja. Mara 384 ni saa 2 na dakika 40 za mtu mzima anayelipwa mshahara.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ucheleweshaji huo hauna sababu. Kabla ya kufuta kitu, programu inapaswa kupita modeli nzima ikitafuta nani anakirejelea: uhusiano, sifa zenye aina hiyo, ujumbe kwenye daiagramu za mfuatano. Hiyo ni sahihi, bila hivyo marejeo yangebaki yananing'inia. Lakini ukinilazimisha kufuta moja moja, unaipitia modeli mara 384. Ungepokea kundi zima ungeipitia mara moja. Waliowahi kutumia EMF ya Eclipse, zana ya kujengea programu za modeli, wanajua kuwa amri yake ya kufuta inapokea kundi la vitu na kutafuta marejeo yake yote kwa pamoja. Na EMF ni ya bure. Sisi tumelipia leseni.

Halafu likatokea baya. Ukishafuta kitu, alama ya uchaguzi inarukia kinachofuata. Nikiwa nimeshafuta kama 240, mkono umezoea, nikathibitisha bila kusoma. Imeondoka klasi ya Mwanachama. Ile ya kweli. Imeondoka na uhusiano wake 11, na kwenye daiagramu za mfuatano zimebaki lifelaini (mistari ya washiriki) zisizo na klasi. Ctrl+Z haifanyi kitu, kwa sababu tunatumia hazina ya pamoja (hifadhi moja ya modeli kwa timu nzima) na ufutaji unaandikwa humo moja kwa moja. Tumerudisha nakala ya jana usiku. Kazi ya watu wawili ya siku nzima imepotea, na klasi zangu 384 zimerudi zote.

Niliwaandikia watu wa msaada. Jibu: ndivyo ilivyokusudiwa, tunakulinda usifute kwa bahati mbaya. Wananilinda na nini? Kuuliza swali moja mara 384 ndiko kunakomfanya mtu aache kulisoma. Niulizeni mara moja, mnionyeshe orodha ya vitakavyofutwa na vitakavyoathirika, nisome, nikubali.

OMG, shirika linalosimamia kiwango cha UML, waliipitisha mwaka 1997, na toleo la 2.5.1 lilitoka 2017. Miaka yote hiyo, halafu kuchagua vitu viwili na kuvifuta bado ni ombi la kupeleka kwa wenye programu!

Najua kuna mtu atasema hamisha kwa XMI (modeli ikiwa faili la maandishi) ufute kwa mkono. Nimejaribu. Kila kitu kina xmi:id (kitambulisho) yake na kinatajwa sehemu nyingine nyingi, nimekata klasi tatu faili likagoma kufunguka. Na anayetaka kunishauri niingie kwenye hazina kwa SQL, tafadhali awe ameshafanya mwenyewe kwenye mradi wa kweli.

Ninachoomba: mwenye skripti inayofuta vitu vingi kwenye modeli kupitia API ya programu yake (njia ya kuiamuru kwa msimbo), hata kama si programu kama yetu, aiweke hapa nione alivyoshughulikia marejeo. Mteja anakuja saa 4 asubuhi. Nimeanza upya, nimefika ya 31.